Jua la Bagamoyo na Jua la Ujiji

Ndugu msomaji, kesho ukiamka na kuona nje kumepambazuka, jiulize swali hili dogo: Je, kumepambazuka nchi nzima? Wengi watajibu, "Ndiyo, kwani jua si moja?" Hata mimi nilijibu hivyo kwa miaka mingi, ingawa nilisoma chuo cha ualimu na kufundisha Jiografia kabla ya kuwa karani wa parokia. Jibu hilo lilinipotezea jambo ambalo sitalipata tena hapa duniani. Ndiyo sababu naandika habari hii, si kwa kujionyesha, bali ili mwingine asije akaanguka penye shimo lile lile nililoanguka mimi.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Mji wetu ni wa pwani, si mkubwa, wala hauna haraka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni hapa mwaka 1868, nayo ndiyo ya kwanza ya Kanisa Katoliki katika bara ya Afrika Mashariki. Watu wetu wengi ni wavuvi, wakulima wa minazi na mihogo, na mafundi wa kuchonga. Mgeni akifika ufukweni hushangaa kuona kwamba mvuvi wa Bagamoyo hajali sana saa. Yeye hutazama maji. Maji yakipwa, ngalawa imekaa juu ya mchanga, hata ukimwonyesha saa ya dhahabu hataondoka. Maji yakijaa, huenda, iwe mchana, iwe usiku. Na maji hayarudi wakati ule ule. Kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Basi mvuvi ana saa yake, nayo haiko ukutani.

Dada yangu mkubwa aliolewa na mtu wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Alipozaa mtoto wake wa tatu, Mama yetu, ambaye alikuwa mjane, alikwenda kumsaidia kulea. Alisema atakaa miezi sita. Wajukuu wakamshika, akakaa miaka minne. Mimi sikupata kwenda kumwona. Kila mwaka nilisema "mwakani," nanyi mnajua jinsi maneno hayo yanavyozaa watoto.

Lakini simu ya mkononi ilikuwako. Kila Jumapili jioni, nikiisha kufunga ofisi, nilimpigia Mama. Aliniambia habari za Ujiji kama mtu anayesimulia hadithi. Alisema huko wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku na taa, na ukisimama ufukweni waona taa nyingi majini hata wadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, maana dagaa hawafuati taa tena ikiwa ziwa zima lina mwanga. "Hapa, mwanangu," alisema, "watu hupanga harusi na madeni kwa mwezi. Dagaa wakianikwa, kila mtu hulipa." Alinieleza pia habari za michikichi, na mafuta ya mawese ambayo kwanza yalimshinda kula, baadaye akawa hawezi kula maharage bila hayo.

Tena alikuwa na neno moja alilorudia mara kwa mara, akicheka: "Jua la huku ni vivu. Halitaki kuamka, na likiisha kuamka halitaki kulala." Nami nilicheka pamoja naye. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyekumbuka kwao. Mara nyingine nilimpigia saa kumi na mbili u nusu ya jioni, kwetu giza likianza kuingia, naye akajibu kwa haraka, "Nipigie baadaye, bado ninaanua dagaa juani." Nikawaza moyoni, "Juani gani saa hii?" Sikuuliza. Msomaji, angalia hapo: sikuuliza.

Mwezi wa Julai, mwaka 2017, Mama aliugua. Dada akanipigia jioni moja, sauti yake nzito. Akasema, "Mdogo wangu, Mama anataka kusema nawe, na anataka mwenyewe. Usiku halali kwa maumivu. Usingizi humchukua alfajiri. Akiamka kunapopambazuka huwa na nguvu kidogo, kisha jua likipanda huchoka. Piga kesho kukipambazuka." Nikasema, "Vema, Dada, nitapiga."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikatoka nje, nikaona weupe juu ya bahari, na ukuta wa kanisa unaonekana. Nikatazama saa: saa kumi na mbili na robo. Nikapiga. Simu ikalia sana. Dada akaitika kwa kunong'ona, tena kwa ukali: "Mbona wapiga usiku? Ndiyo kwanza amepata usingizi! Tumekesha!" Akakata.

Nikasimama pale uani nimeshika simu. Usiku gani? Mbele ya macho yangu kuku walikuwa wakichakura, na jirani alikuwa akifagia. Nitawaambia kweli kama mtu anavyoiambia dhamiri yake: mwezi ule nilikuwa nimechelewa kupeleka fedha za dawa. Basi nikadhani Dada amenikasirikia, na neno hilo la "usiku" ni njia ya kunifukuza. Nikaona uchungu. Nikasema, "Kama hawanitaki, haya. Wakinitaka watanitafuta."

Siku ile tulikuwa na kazi nyingi. Watoto wa kipaimara walikuwa wakiandikishwa, na wazazi walijipanga mlangoni na vyeti vya ubatizo, vingine vimeliwa na mchwa. Nikazima mlio wa simu, nikaitia katika mtoto wa meza, nikafunga. Niliandika majina kwa mwandiko mzuri hata kengele ya saa sita. Nilipofungua mtoto wa meza, nikakuta Dada amenipigia mara tisa. Mara ya kwanza ilikuwa saa moja kasoro dakika tano. Mara ya mwisho ilikuwa saa mbili u nusu.

Nikapiga. Dada alikuwa akilia. Mama aliamka kulipopambazuka, akaomba auketishwe, akaegemea ukuta, rozari mkononi, akasema, "Mpigieni." Wakapiga, sikuitika. Akasema, "Tungoje, yuko njiani kwenda kazini." Wakapiga tena. Alikaa hivyo saa moja u nusu, hataki kulazwa. Mwisho akasema, "Basi, nilazeni." Baada ya hapo ulimi wake ukawa mzito, na maneno hayakutoka tena.

Sikumaliza majina ya kipaimara. Padre Paroko alinipa ruhusa na nauli, nikashika njia siku ile ile kwenda Dar es Salaam, na alfajiri yake nikapanda basi la Kigoma.

Safari hiyo ni ya zaidi ya kilometa 1,000. Ndani ya basi nilikuwa na siku mbili za kufikiri. Nilikumbuka habari tulizosoma shuleni, kwamba zamani misafara ilitoka Ujiji mpaka Bagamoyo kwa miguu, watu wamebeba pembe begani, wengine wamefungwa minyororo, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi, akamkuta Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka. Na tazama ajabu: watu wale wawili walisalimiana uso kwa uso, lakini vitabu vyao vya safari havipatani tarehe. Stanley aliandika Novemba. Hesabu ya Livingstone ilikuwa bado Oktoba, maana ugonjwa na upweke vilikuwa vimempotezea siku. Nilipokisoma kisa hicho chuoni nilikiona kama cha kuchekesha. Ndani ya basi sikukicheka.

Nilifika usiku wa siku ya pili. Mama alikuwa hai. Nilimshika mkono, akanitazama sana, machozi yakamtoka, lakini neno hakuna. Nikamwambia Dada alale, mimi nitakesha.

Katika nyumba ya shemeji kulikuwa na saa ya ukutani. Usiku kucha nilisikia mshindo wake. Ilipofika saa kumi na mbili kamili nikasema, sasa kutapambazuka, nitafungua dirisha Mama apate hewa. Nikafungua, nje giza. Saa kumi na mbili na robo nikatazama tena: giza, na nyota zaonekana. Nikadhani saa ya ukutani imeharibika. Nikatazama ya simu yangu. Ilikuwa ile ile. Hiyo ndiyo dakika ambayo siku tatu zilizopita nilisimama uani kwetu Bagamoyo, kuku wakichakura, nikakasirika juu ya neno "usiku." Na hapa ulikuwa usiku kweli. Dada hakunidanganya. Saa kumi na mbili u nusu ilipita, jogoo wawika gizani. Watoto wa Dada wakavaa nguo za shule kwa mwanga wa taa, wakatoka. Ilipokaribia saa moja ndipo kulipopambazuka, na saa moja na robo jua likatokea nyuma ya vilima.

Nikakaa juu ya kiti, mikono kichwani. Wasomaji, mimi nilikuwa mwalimu. Niliwafundisha watoto wa darasa la sita kwa chungwa na taa: chungwa ni dunia, taa ni jua, na chungwa likizunguka upande huu wapata mwanga na upande huu una giza. Niliandika ubaoni kwamba dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, ndiyo nyuzi 15 kwa saa moja, ndiyo dakika 4 kwa kila uzi mmoja. Bagamoyo uko karibu na nyuzi 39 mashariki ya Greenwich. Ujiji uko karibu na nyuzi 30. Tofauti ni nyuzi 9 na kidogo. Zidisha kwa 4, wapata dakika 37. Mtoto yeyote wa darasa langu angeweza kufanya hesabu hiyo. Mimi niliisahihisha kwa wino mwekundu mara nyingi, lakini sikupata kuifanya kwa ajili ya Mama yangu.

Huenda wewe wauliza, mbona basi saa za Bagamoyo na Ujiji zasema neno moja? Nitaeleza kwa ufupi. Zamani kila mji ulitazama jua lake, na mpagazi aliyetembea miezi mitatu hakuona tofauti yoyote, kwa kuwa dakika 37 ziligawanywa katika siku nyingi hivyo, naye alikwenda na jua lake kichwani. Baadaye zikaja simu za waya na gari la moshi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Gari la moshi haliwezi kufuata jua la kila stesheni. Watu wangeachwa, na magari yangegongana. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington, wakachagua mstari wa Greenwich, Uingereza, uwe mwanzo wa kuhesabu. Nchi mbalimbali zikajipatia saa zao kufuata mistari hiyo. Sisi wa Afrika Mashariki tunafuata mstari wa nyuzi 45, ambao hupita karibu na Mogadishu. Kwa hiyo hata jua la Bagamoyo huchelewa kidogo nyuma ya saa, nalo la Ujiji huchelewa karibu saa nzima. Sisi Waswahili tunaita saa moja ile ya kwanza baada ya jua kutoka. Lakini Ujiji, saa moja ikigonga, pengine jua ndiyo kwanza linachungulia, na jua la utosini huja kama saa saba, si saa sita.

Shemeji yangu hufanya biashara na watu wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, katika Kongo. Aliniambia, "Sisi tukivuka, twarudisha saa nyuma saa moja nzima. Burundi vilevile." Jua la Kalemie na jua la Ujiji ni karibu moja, maana miji hiyo yatazamana, lakini saa zao zimeachana kwa saa nzima. Na jua la Bagamoyo na la Ujiji yameachana, lakini saa zao ni moja. Basi naona kwamba saa ni mapatano ya watu, na jua ni kazi ya Mungu. Mapatano ni mema, nayo yatusaidia. Mtihani wa taifa huanza kwa wakati mmoja nchi nzima, na habari za redio twazisikia pamoja. Lakini mapatano si jua.

Mama alifariki siku ile ile jioni, baada ya kupata Mpako wa Wagonjwa. Ilikuwa kama saa kumi na mbili u nusu. Kwetu Bagamoyo jua lilikuwa limekwisha kuzama. Ujiji lilikuwa bado juu ya ziwa, na mwanga wake uliingia dirishani mpaka kitandani. Nilikumbuka neno lake la jua lisilotaka kulala. Tulimzika kesho yake, chini ya mwembe, mbali sana na bahari aliyozaliwa kando yake.

Nilimwuliza Dada, "Alitaka kuniambia nini?" Dada akajibu, "Nilimwuliza. Akasema hilo ni la mama na mwanawe." Hata leo sijui. Kwanza nilijitesa sana. Mara nikasema labda ni habari ya shamba, mara nikasema labda ni kunikanya juu ya fedha za dawa, mara nikasema labda ni baraka tu. Padre Paroko aliniambia, "Dakika 37 si dhambi. Dhambi, kama ipo, ni ile ya kufunga simu katika mtoto wa meza kwa hasira." Neno hilo liliniuma, lakini ni la kweli, nami nalishukuru. Tofauti ya jua ilinipoteza kwa dakika 37 tu. Kiburi changu kiliongeza saa tano.

Wakati wa matanga nilitambua jambo lingine. Majirani wa Ujiji wengi ni Waislamu, kama walivyo majirani zetu wa Bagamoyo, nao walikuja kutufariji na kuleta chakula. Jioni nikasikia adhana ya magharibi ikilia saa moja na dakika kadhaa. Kwetu adhana hiyo ilikuwa imekwisha kulia zamani. Nikamwuliza mzee mmoja, akacheka kidogo: "Mwadhini hafuati saa ya Dar es Salaam. Hutazama jua la mahali alipo. Hata mwezi wa Ramadhani, watu wa pwani hufuturu, sisi huku bado tumefunga, wala hakuna ugomvi." Nikaona hekima katika neno hilo. Kila mmoja ana jua lake, na hakuna ugomvi, maana kila mmoja anajua kwamba mwenzake ana lake.

Sasa ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako kuna mtu aliye mbali: binti aliyeolewa, mwana aliye kazini mjini, au ndugu aliyevuka mpaka. Simu imetuleta karibu sana, hata twasahau kwamba tuko mbali. Twasikia sauti sikioni, twadhani mwenzetu amekaa katika mwanga ule ule tuliokaa sisi. Nakuomba mambo mawili madogo. Kwanza, mkiagana kuzungumza, msiagane kwa maneno ya jua kama "kukipambazuka" au "kukichwa," kwani kila mtu atatazama jua la kwake. Taja saa yenyewe, na kama yuko nchi nyingine, taja ni saa ya kwenu au ya kwao. Pili, kabla ya kukasirika, uliza. Uliza, "Huko kumekucha?" Uliza, "Mmekula? Mmelala? Mnafanya nini sasa?" Mimi ningeuliza neno moja tu asubuhi ile, Dada angenijibu, "Kungali giza, piga baada ya nusu saa," nami ningemsikia Mama.

Nimekwisha kurudi Bagamoyo, na kazi yangu ya ukarani naendelea nayo. Simu yangu haiingii tena katika mtoto wa meza. Kila Jumapili nampigia Dada. Kwetu huwa giza, taa imewashwa. Neno langu la kwanza, kabla ya salamu, ni hili: "Dada, jua lenu liko wapi?" Naye hunijibu, "Lingali juu ya maji, mdogo wangu. Ngoja kidogo, tunaanua dagaa." Nami hungoja.